Matundu Ndani ya Kabati

Kabati langu la nguo alilichonga marehemu mume wangu, Ralaivao, mwaka tuliooana hapa Ambositra. Kwa miaka arobaini na sita, kila Jumapili nilinyoosha mkono, nikatoa lamba yangu, shuka nyeupe ya heshima, nikajitanda, tukaenda kanisani.

Ralaivao alifariki miaka mitatu iliyopita, na bega langu likazidi kuwa gumu. Siku ya Pasaka nilipanda kigoda ili niifikie lamba, nikaanguka. Binti yangu Voahangy akaja kutoka Antananarivo.

"Neny, chagua. Kabati lirekebishwe au uhamie kwangu."

"Kazi ya baba yako haiguswi."

"Basi fungasha."

"Nifungashe vipi, na nguo sizifikii?"

Alicheka, lakini kesho yake alimleta Fidy, seremala aliyefundishwa kazi na Ralaivao. Fidy, ambaye huniita Bebe kama bibi yake, aliniomba ninyooshe mkono bila kujilazimisha. Uliishia usawa wa kidevu.

"Ufito wa kutundikia nguo ushuke mpaka hapo, Bebe. Mashuka yakae usawa wa kiuno. Huko juu tuweke mablanketi ya wageni."

"Wewe nawe! Nimesema haliguswi."

"Natazama tu. Kutazama nako kunakatazwa?"

Akaingiza kichwa kabatini, akapapasa ubao. Kisha akasema, "Bebe, lete kidole chako."

Juu kidogo ya ufito, kwenye ubao wa ubavuni, palikuwa na tundu lililozibwa kwa nta. Juu yake lingine. Juu zaidi, la tatu.

"Mzee alikuwa akiushusha," alisema Fidy. "Kidogo kidogo."

Nilikaa kitandani. Nikakumbuka zile siku alizokuwa akinihimiza niende sokoni, hata kama hatukuhitaji kitu. Nilirudi nikakuta chumba kimefagiwa, kinanukia nta, naye amekaa anakunywa maji ya ukoko wa wali kama mtu aliyeshinda bure. Na mimi nilikuwa nikijisifu mbele yake: "Unaona? Mkono wangu haujazeeka."

"Haujazeeka kabisa, mama Voahangy," alikuwa akinijibu.

Nilijifuta macho kwa pindo la nguo.

"Fidy."

"Naam, Bebe."

"Toboa tundu jipya. Hilo unaloliacha ulizibe kwa nta, kama yeye."

Voahangy alikuwa ameshika begi la kufungashia nguo zangu. Aliliweka chini, akaenda jikoni kuyeyusha nta.