Akina Dursun Wawili

Mlipuko ulitokea saa nne asubuhi. Fadime alikuwa uani akikung'uta theluji kwenye mboga zake aliposikia ardhi ikitetemeka chini ya nyayo, na mara king'ora cha mgodi kikaanza kulia. Cha kubadili zamu hulia mara moja kikanyamaza. Hiki kililia mfululizo. Aliitupa ndoo akateremka mlima na ndara za nyumbani.

Alipofika langoni wanawake walishajaa, na askari walikuwa wameshikana mikono kuwazuia. Moshi ulitoka kwenye mdomo wa shimo polepole, bila haraka yoyote. Fadime alijikuta amebanwa ubavuni mwa mama mmoja wa Kirazlik, kijiji cha ng'ambo ya bonde, aliyejitanda shali mbili na bado anatetemeka.

"Una nani humo, dada?" yule mama akauliza.

"Mwanangu. Kitinda mimba. Dursun."

Yule mama akamkamata mkono. "Hata wangu ni Dursun! Mimi Nazire. Basi wewe ndiwe mama yake Dursun wa Yaylacik? Mwanangu hakomi kumtaja. Eti wanagawana hata kitunguu."

Wala halikuwa jambo la ajabu. Katika milima ile ukiita Dursun sokoni, watageuka watu sita. Jina lenyewe ni neno la kila siku katika lugha ya huko, lenye maana kadhaa: na asimame, na akae, na abaki, na ikome. Wachimbaji walilifanyia mzaha. Walisema ukimwita Dursun kule chini kwa sauti kubwa, msukuma behewa naye hufunga breki. Katika zamu ya kwanza Dursun walikuwa wawili, wote wembamba, wote wa miaka ishirini na ushei, wakaitwa kwa vijiji vyao ili wasichanganywe.

Nazire alikuwa mtu wa kusema akishikwa na hofu. "Nilizaa watatu kabla yake, dada. Watatu! Hakuna aliyefikisha siku arubaini. Huyu alipokuja mama mkwe akanishika begani, akaniambia, mpe jina la kumng'ang'aniza duniani. Tukamwita Dursun. Na akae. Na kweli akakaa." Akajipangusa pua kwa ncha ya shali. "Na wako je? Nawe ulifiwa?"

"Ndiyo," Fadime akasema. "Hivyohivyo."

Alisema uongo. Fadime hakufiwa na mtoto hata mmoja. Alizaa wanane, wote wakaishi, wote wakataka kula, na mumewe Rasim, naye mchimbaji, akakohoa vumbi la makaa tangu yule wa tano. Wa tisa alipotoka, mkunga alimwekea kifuani naye akageuza uso ukutani. Siku ya tatu Rasim alipovaa koti kwenda kumwandikisha, alimwuliza aandike nani.

"Dursun," Fadime alimjibu.

Rasim akacheka. "Na akae?"

"Na ikome! Sikia, Rasim. Ikome. Sizai tena."

Hakuzaa tena. Na kama ilivyo kawaida ya dunia, yule asiyetakiwa ndiye aliyebaki naye. Wengine walitawanyika, wawili nchi za watu, lakini Dursun alikaa nyumbani, akamkatia kuni, akamkanda miguu wakati wa baridi. Alipokuwa na miaka saba aliuliza jina lake maana yake nini. Fadime alimwambia: nilimwomba Mungu ukae nami. Mtoto akafurahi, akaenda kuwatambia wenzake. Tangu hapo Fadime hakuweza tena kuusema ukweli.

Baada ya sala ya alasiri kizimba cha kupandishia watu kutoka shimoni kilipanda. Machela zikatoka moja moja, nyingine zimefunikwa kabisa. Karani wa taa alisimama juu ya kreti na karatasi mkononi. Mchimbaji huchukua taa yenye namba yake kila asubuhi, na walioungua hata sura zisijulikane walitambuliwa kwa namba hizo. Karani alisoma kwa sauti iliyokauka. Dursun wa Kirazlik, amefariki. Dursun wa Yaylacik yu hai, anapelekwa hospitali ya mjini.

Nazire hakulia. Alikaa chini kwenye theluji kama mtu aliyeambiwa akae. Fadime alisikia furaha ikimpanda kifuani, furaha ya aibu, akaikandamiza kwa mikono miwili. Aliinama akasema, "Mungu akupe subira, dada." Kisha akakimbilia gari la wagonjwa.

Mgonjwa alikuwa amefungwa bendeji uso mzima, macho, shingo, mikono. Palibaki tundu la pua na mpira mdomoni. Daktari alimwambia Fadime kwamba koo nalo limeungua, hawezi kusema, lakini anasikia. Basi akamsemesha. Alimwambia yuko salama, mama yupo, mama haendi popote. Kila aliposema "mama" yule mtu alitikisa kichwa juu ya mto, kushoto, kulia, kushoto. Fadime alidhani ni maumivu.

Asubuhi ya siku ya pili nesi alikuja kubadili shuka. Aliifunua miguu, ambayo moto haukuifikia, na Fadime akasogea aifute kwa kitambaa. Mwanawe alijikata kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kwa shoka alipokuwa na miaka tisa. Aliuinua mguu wa kushoto. Akahesabu. Akauinua wa kulia, labda amesahau upande. Vidole vilikuwa kumi.

"Vipi, mama?" nesi akauliza.

"Hakuna kitu."

Aliirudisha shuka akaichomeka vizuri chini ya godoro. Ilikuwa saa tatu. Huko Kirazlik maiti ilikuwa bado haijazikwa. Wangezika baada ya adhuhuri. Fadime aliyajua hayo. Alijua kuwa akisema neno moja sasa hivi, ataletewa mwanawe, atamwosha, atamshika japo huo mguu. Na alijua kuwa akilisema neno hilo, mwanawe atakuwa amekufa. Akikaa kimya, Dursun yu hai kitandani, jina lake limeandikwa pale ukutani kwa chaki.

Akakaa kimya. Adhuhuri ilipoadhiniwa alishika fremu ya kitanda hadi vidole vikamfa ganzi. Alasiri Rasim alifika akihema, amepanda ngazi kwa kupumzika kila hatua ya tatu. Alimtazama mgonjwa muda mrefu, kisha akamtazama mkewe.

"Mbona humsemeshi?" akauliza.

"Amelala."

"Hajalala. Tazama anavyotikisa kichwa." Rasim akaifunua miguu. Alikuwa baba, naye alijua pa kutazama. Akaifunika tena, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, kikohozi kikamshika mpaka nesi akaja na maji. Kilipotulia alisema, "Fadime. Huyu mtoto anamtafuta mama yake."

"Niachie hadi kesho."

"Umeshaniomba mengi, nami nikakupa. Hili si langu kukupa."

Lakini hakwenda kusema. Hakuwa na pumzi ya kwenda popote.

Kulipopambazuka Fadime alivaa viatu vya mumewe akatoka. Alifika Kirazlik jua limechomoza, akaikuta nyumba ya Nazire imejaa wanawake wanaosoma Kurani na sufuria za halua mezani. Nazire aliinuka kumpokea, macho yamevimba.

"Umeacha mgonjwa ukaja kunipa pole? Mungu akulipe, dada yangu. Anaendeleaje Dursun wako?"

"Wangu mmemzika jana," Fadime akasema. "Wako yuko hospitali. Yu hai. Walibadilishana taa."

Nazire alitabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri aelezwe. Kisha akauliza swali ambalo Fadime aliliogopa njia nzima.

"Umejua lini?"

"Jana asubuhi."

"Kabla hatujazika?"

"Kabla."

Nazire alimpiga kofi, mara moja, kwa nguvu zake zote. Hakungoja viatu. Alitoka na soksi, wakwe zake wakimfuata na koti.

Alimkuta mwanawe yu hai. Nesi alisimulia baadaye kwamba Nazire alipotamka neno moja tu, yule kijana aliacha kutikisa kichwa. Alilala tuli, machozi yakaloanisha bendeji. Lakini homa ilikuwa imeshaingia damuni. Walikaa pamoja siku hiyo, na nusu ya siku iliyofuata, naye akafa mkono wake ukiwa juu ya tumbo la mama yake.

Walimzika Kirazlik kando ya yule mwingine. Rasim alitaka kumhamisha wao apelekwe Yaylacik. Imamu alisema maiti haisumbuliwi, na wazee wa Kirazlik walisema kaburi wameshalitoa, hawalidai. Fadime alikwenda mazikoni akasimama mbali, nyuma ya ukuta wa makaburi. Watu walipotawanyika Nazire alimjia.

"Wako nitamtunza," alisema. "Nilimlilia kama wangu, nilimwosha mwenyewe kwa mikono hii, ameungua hadi vidole vya miguu, kwa hiyo nina haki naye. Sitamnyima maji wala dua. Lakini wewe uliniibia siku moja, Fadime. Mwanangu kalala gizani anasikia mama wa mtu. Usinipe salamu. Tukikutana njiani, nipishe."

"Kwangu si kama kwako," Fadime akasema. "Mimi sikumwomba akae. Nilisema ikome. Nilikudanganya pale langoni."

Nazire alimtazama. Kisha akajifunga shali akaenda zake.

Fadime hupanda kwenda kule theluji ikishayeyuka, mara tatu, nne kwa mwaka. Hukuta makaburi yote mawili yamepaliliwa, udongo umelowa. Humsomea mwanawe, kisha hugeuka akamsomea na yule mwingine, kwa sauti ya chini, asije akasikia tena sauti ya mama wa mtu.