Utamu wa Saa Nane Usiku

Vumbi la mtaa wetu wa Cimpunda haliombi ruhusa. Linashuka na njia za mlimani, linapita chini ya mlango, linatua juu ya neti, juu ya rozari, juu ya midomo ya anayelala. Asubuhi nalilamba, na hata hilo lina utamu.

Ninachukia utamu.

Ni miaka kumi na moja nina ugonjwa wa sukari, ule wa sindano, ule usiomruhusu mtu kuruka siku. Insulini yangu inalala ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, kwa kuwa umeme wetu ni mgeni. Harufu yake ni ya sakafu ya hospitali. Najidunga tumboni, mahali ambapo nyama imefanya mabonge, na mabonge hayo nikiyagusa nikioga naondoa mkono haraka, kana kwamba nimegusa mwili wa mtu mwingine.

Lakini mchana navumilia. Kinachonitia kinyaa ni usiku.

Sindano ya jioni inafanya kazi polepole, na nguvu yake inakuja saa nane, nimelala. Sukari ikipanda naamka mara tano kukojoa ndooni, na kukicha sisimizi wamepanga mstari hadi kwenye ndoo hiyo. Ikishuka, siamki. Ndiyo maana unaamka wewe, Modeste.

Miaka minne ya ndoa, kila usiku saa nane: simu yenye tochi katikati ya meno yako, kidole changu mkononi mwako, tone la damu, namba. Sikukushukuru. Nilivuta kidole chini ya blanketi. Nilichoka kushikwa na kupimwa kama kitambaa cha mteja kwenye cherehani yako.

Jumapili moja mama yako, maman Georgette, alifika kutoka kijijini Miti na chupa ya asali. Akapika bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Nilikuwa nimeshajidunga, ilibidi nile ili sukari isishuke. Lakini macho yake yalifuata kila tonge hadi kinywani mwangu, na tonge la nne likakataa kushuka.

"Nimeshiba," nikadanganya.

Nawe ulikuwa umeshona yuniforme za wanafunzi siku tatu bila kupumzika. Uliposhika simu utege kengele, nikakunyang'anya.

"Lala leo. Miye siko mutoto."

Ukalala.

Yaliyofuata niliyapata kwa kuambiwa. Mama yako alisikia kitanda kikigonga ukuta. Ulinikuta nimelowa jasho, meno yamebanana, macho wazi, hayamwoni mtu. Ukafungua ile asali. Mama yako akakamata mkono wako.

"Modeste, uko unafanya nini? Daktari alimukatazaka sukari. Utamuua."

"Mama, sasa hivi sukari imeisha mu damu yake. Bila hii anakufa."

"Asali iko sukari."

"Ndiyo, mama. Achilia mukono."

Akaachilia. Akashika tochi. Ukanilaza ubavu nisipaliwe, ukanipaka asali kwenye fizi, ndani ya shavu, kidogo kidogo, ukiita jina langu, Adélaïde, Adélaïde, mpaka jina likapata mtu wa kuliitikia.

Nilirudi, na kitu cha kwanza kilikuwa ladha. Asali, mate mazito, na kitu cha chumvi kama chuma. Kisha harufu, nayo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejikojolea, mbele ya mama mkwe, mbele ya mtu ambaye huwa nampokea kwa mikono miwili. Alichemsha maji, akanipangusa mapaja, akakunja shuka lile kana kwamba ni la altare. Nikatapika. Akapangusa na hilo pia.

Ninachukia utamu, na usiku ule nilijichukia mimi.

Siku tatu baadaye, kwenye robinet, bomba la maji la mtaa, maman Yolande, mteja wako, aliniwekea mkono begani.

"Pole ya bwana yako. Ile mashine ilimuharibu kidole vibaya."

Mashine gani? Niliacha bidon yangu ya maji kwenye foleni, nikateremka hadi soko la Kadutu. Ulikuwa unazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kushoto. Wa kuume ulikuwa mapajani, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Nyumbani ulikuwa unakificha mfukoni. Nikapiga magoti mbele ya wateja, nikafungua.

Alama za meno, duara dogo, jekundu, limeanza kutoa usaha. Mbele nina mwanya. Duara nalo lilikuwa na mwanya.

"Iko nini hii?"

"Sindano."

"Sindano iko na meno?"

Ukavuta kitambaa ukifunike tena kidole.

"Haukunijua usiku ile," ukasema. "Haiko kosa yako."

Kumbe ile chumvi ilikuwa damu yako. Nilikuwa nimeimeza. Safari hii sikuona pa kukielekeza kinyaa: si kwenye chupa, si kwenye ndoo, si kwa sisimizi. Nikakusimamisha. Nikakupeleka kituo cha afya, nikakushika kiwiko njia nzima, na muuguzi alipokamua kidonda nilitazama, sikugeuza uso hata mara moja.

Usiku ule nilikula sahani nzima. Ulipolala, nilitega kengele, nikaiweka simu chini ya sikio langu. Saa nane ilipotetemeka niliizima kabla hujageuka. Nikajitoboa mwenyewe. Hamsini na sita. Sukari ilikuwa imeshuka. Nikachota sukari kwa kijiko, nikaitafuna kavu. Ikasaga menoni, ikageuka ute, ikaning'ang'ania kooni. Ilinichukiza kama siku ya kwanza. Nikachota tena, na tena. Nikangoja gizani dakika kumi na tano nikisikiliza pumzi yako. Nikapima upya. Tisini na nane, namba salama.

Ulishtuka saa kumi na mbili, mwanga umeshafika dirishani, ukatafuta kidole changu.

"Saa nane je?"

"Ilipita."

Ukakaa ukingoni mwa kitanda, uso umevimba kwa usingizi, mikono haijui ifanye nini. Kisha ukalala tena.