Ghala la Kogo Rodah

Mimi ni Mgusii wa upande wa Chepilat, na mambo ya chafya niliyakuta Roret nilikoolewa. Binti yangu alipozaliwa, wamama wa ukoo wa mume wangu Kiplimo walimzunguka, wakaanza kuita majina ya wafu wao huku mmoja akimpulizia tumbaku ya unga puani. Walipofika kwa Kogo Rodah, yaani Bibi Rodah, mama ya Kiplimo aliyefariki mwaka uliotangulia, mtoto akapiga chafya. Vigelegele vikapasua paa. Rodah amerudi! Mimi nilijiambia kwamba mtoto mchanga aliyejazwa tumbaku puani asipopiga chafya kwa jina hili atapiga kwa lile linalofuata. Nikamwita Nelvine, na nilihakikisha kila mtu amenisikia.

Nafanya kazi ya maabara mjini Kericho, kwenye utafiti wa magonjwa ya ini. Sisi hatungojei uvimbe, maana uvimbe ukishaonekana mambo yameharibika. Tunatafuta RNA ndogo, vipande vifupi mno ambavyo vyenyewe havijengi chochote mwilini. Kazi yake ni kunyamazisha: jeni ikitaka kusema, kipande kinaishika na kuiziba mdomo. Kipo kimoja kinachojaa ndani ya seli za ini, na seli hizo zikiumia, humwagika kwenye damu. Saratani nayo huvichezea vipande hivi, hupandisha hiki na kushusha kile, ili jeni za kuizuia zibaki kimya. Ndiyo maana damu inaweza kutuambia ini linaharibika huku mwenyewe bado yuko shambani anachuma chai na kucheka.

Damu ya Kogo Rodah ilituambia hivyo. Niliitoa mimi mwenyewe, kabla hata sijaolewa na mwanawe, na haukupita muda saratani ya ini ikamchukua. Amezikwa kando ya nyumba yake, lakini kichupa cha damu yake kiko kwetu kwenye friza, na tukikiuliza, kinajibu.

Mwaka huu tulihitaji damu ya watoto wenye afya ili tuilinganishe na ya wagonjwa. Nikampeleka Nelvine. Ana miaka sita, na siku za shule huishi Roret kwa babu yake, Mzee Johana, mume wa marehemu Rodah, kwa sababu mimi na Kiplimo kazi imetufunga mjini. Hakulia nilipomdunga sindano. Aliangalia damu ikijaa, kisha akasema, "Hata ile siku ingine ulinitoa. Nilikuwa nimekaa kwa kiti ya kijani."

Sikuwahi kumtoa damu. Na kiti cha kijani, alichokalia Rodah siku nilipomtoa damu, tulikitupa kabla mtoto hajazaliwa. Nikajiambia Mzee amemsimulia, wazee wana hadithi nyingi.

Majibu yakatoka. Kompyuta yetu, ambayo haijui chafya wala ukoo, hupanga damu zinazofanana mahali pamoja. Watoto wengine wote iliwaweka kundi lao. Nelvine ilimweka peke yake mbali nao, ubavuni mwa Rodah. Kila kipande kilichokuwa juu kwa bibi kilikuwa kimepanda kwa mtoto, ingawa si sana. Kilichokuwa chini kwa bibi kilikuwa kimeshuka. Daktari Obure, mkuu wetu, alisema nimechanganya vichupa, na nilimkasirikia kwelikweli, kwa sababu mimi sichanganyi vichupa. Nikamtoa mtoto damu nyingine, tukarudia. Yakawa yale yale. Niliketi mbele ya skrini hiyo mchana kweupe, nywele za shingo zikanisimama. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Obure alipoona nimebadilika rangi, akapunguza ukali. Akanieleza kwamba mpangilio kama ule ameuona kwa watu wanaokula sumukuvu, ile sumu ya mahindi yenye ukungu. Ini la mtoto bado linaweza kujirekebisha sumu ikikatwa sasa. Isipokatwa, Nelvine atafuata njia ya bibi yake. Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu Mzee Johana anakaa nyumba moja na huyo mtoto, tumempima, na damu yake haina neno. Akaniambia niende nikaone mtoto anakula nini.

Nilifika Roret alasiri hiyo hiyo, manyunyu yakianguka na ukungu umeshuka hadi kwenye majani ya chai. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikawakuta Mzee na Nelvine kule chini karibu na kijito, kwenye ghala la zamani la Rodah, lililosukwa kwa fito na kuezekwa nyasi, limeinama na halikauki mwaka mzima. Siku zote nilidhani ni tupu, limeachwa kwa ukumbusho. Nelvine alikuwa ameketi mlangoni, mkono ameubana chini ya mbavu za kulia. Rodah alikuwa akijibana hapo hapo. Mzee alikuwa anachota mahindi kwa mkebe na kumsimulia habari za ng'ombe anayekataa kutoa maziwa, kwa ile sauti ya chini ambayo mume huzungumza na mkewe wakiwa wawili tu. Mtoto alikuwa anatikisa kichwa, kama mtu anayezijua habari hizo tangu zamani.

Nikauliza yale mahindi ni ya nani. Mzee akanijibu bila kuficha kitu. Kila mavuno, kabla hajajaza magunia ya nyumbani, fungu la kwanza huliweka humu liwe la Rodah peke yake, kwa sababu ghala alilisuka Rodah kwa mikono yake. Alipokufa, aliendelea kumwekea. Tangu ile chafya, mwenyewe yuko, basi humsagia na kumpikia yake kando.

"Mimi siwezi lisha mwenye boma kama mgeni," akasema. "Hii mahindi ni yake. Hata mimi sijawahi onja."

Nikaingiza mkono ghalani. Mahindi yalikuwa na joto, na nilipoutoa vidole vilikuwa na vumbi la kijani. Nikamwambia yote, damu na sumu na friza, na nilisema kwa hasira zaidi kuliko inavyompasa mke wa mwana. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Rodah alikula hii miaka yote," akasema. "Basi ni mimi?"

Nikamwambia hakuna aliyejua, na kwamba ghala libomolewe leo. Akakataa. Si lake kulibomoa, mwenyewe yupo, aulizwe. Nilitaka kupiga kelele. Lakini yeye alishavua kofia na kuchuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza polepole.

Nelvine akauondoa mkono mbavuni, akamtazama.

"Bomoa," akasema. "Mimi nilikuambia ni chungu, ukasema nimalize."

Uso wa Mzee ulisawijika. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba mtoto huyu hajawahi kulalamikia chakula hata siku moja. Aliyelalamika ni Rodah, mwaka ule wa mwisho alipokuwa mgonjwa na yeye akimpikia. Alimwambia ugali ni mchungu, naye akamjibu amalize, chakula hakitupwi. Walikuwa wawili tu ndani ya nyumba, na aibu ilimzuia kumsimulia mtu yeyote.

Inawezekana mtoto naye alilalamika, Mzee akasahau. Nataka sana iwe hivyo.

"Nisamehe," Mzee akamwambia. Hakutaja jina, na mimi sikumsahihisha.

Nelvine akamwekea kiganja kichwani. "Sawa," akasema. "Lakini sitaki kula peke yangu tena."

Mzee akainuka, akachukua panga, akaanza kukata kamba za paa huku machozi yakimtoka. Mimi nikashika fito za upande wa pili, tukavuta.