Ng'ombe wa Bi Ottilie

Je, umewahi kumwona farasi aliyevaa viatu vya mbao? Kwenye kinamasi cha kaskazini mwa mji wa Bremen, Ujerumani, walivaa, ubao mpana chini ya kila kwato, la sivyo mnyama anadidimia mpaka tumboni. Ng'ombe ndio kabisa, hawakupelekwa huko. Hata watoto walijua.

Bi Ottilie Brackmann naye alijua. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza akikichora kinamasi kile kile peke yake, maana chuo cha wachoraji hakikupokea wanawake. Na kila picha aliyouza ilikuwa na ng'ombe, mweusi mwenye mabaka meupe, anakunywa maji. Matajiri wa mjini waliwapenda ng'ombe hao. Ndivyo alivyosema Bwana Tietjen, mwenye duka la picha, tangu siku ya kwanza.

Safari hii Bi Ottilie alichora bila ng'ombe. Kwa siku kumi na mbili, kila asubuhi alisimama kwenye baridi, soksi mbili mbili miguuni, kiegemeo cha picha kimefungiwa jiwe kisipeperushwe, akiingoja ile nusu saa ambayo maji meusi na mbingu huwa rangi moja. Picha hiyo aliitamani tangu usichana wake. Sasa goti la kushoto lilikuwa halikunjiki vizuri, na hakudhani angepata nguvu ya kuchora nyingine.

Alhamisi Bwana Tietjen akaja nyumbani kwake kuichukua. Akaitazama, kofia mkononi.

"Nzuri, Bi Ottilie. Nzuri sana. Hapa kushoto pana nafasi ya ng'ombe."

Gesche, jirani aliyekuwa anapanga mboji kavu, udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni, kando ya jiko, akacheka mpaka kipande kikamponyoka. "Ng'ombe tena! Yule wa picha ya mwaka jana alisimama palepale tulipomvuta farasi wetu topeni kwa kamba. Basi mvishe viatu, bwana!"

"Mama Gesche, wanunuzi wangu hawachimbi mboji."

"Na wewe hujalowa hata soksi moja."

Tietjen akamgeukia Ottilie, sauti ya upole. "Bila ng'ombe siwezi kuipeleka kwenye maonyesho. Dakika tano tu, bibi."

Mkono wa Ottilie ukaifuata brashi wenyewe, kwa mazoea. Ukachovya rangi nyeupe. Ukafika kushoto, juu ya maji, ukasimama hapo. Mabega yalimuuma. Miaka thelathini yote ilikwenda hivyo, dakika tano tano.

Akaiondoa brashi. Akaifuta kwa kitambaa, taratibu, mpaka nyeupe yote ikaisha, kisha akaketi na kulinyoosha goti lake.

"Sitaki ng'ombe," akasema. "Sijawahi kumtaka hata mmoja, Bwana Tietjen. Nataka maji yangu yabaki peke yake."