Foleni Mbili za Macho

Hospitali mbili za macho ziliunganishwa, nasi watengeneza tovuti tukapewa kazi ya kuziunganishia foleni ya upasuaji. Programu aliiandika mwenzangu Kobe, anayechapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama. Alasiri akaniita niikague.

"Haya, mama mkwe, tafuta makosa."

Juu kabisa ya orodha ilikuwa namba ya mgonjwa ya kaka yangu. Kaka ni fundi cherehani. Jicho moja limeshazima, la pili linaona moshi. Hospitali yake ni changa, foleni yake imeanza mwaka huu, na yeye alikuwa ameshaambiwa atapasuliwa Jumatatu.

Nikashuka mpaka walipoishia wagonjwa wa hospitali yake. Chini yao ndipo walipoanza wa hospitali kongwe. Wa kwanza wao alikuwa anasubiri tangu mwaka juzi.

"Kobe, umepanga kila foleni peke yake, halafu ukaibandika ya pili mkiani."

"Si zimepangika?"

"Kama mashemeji walionuniana. Changanya wote kwanza, ndipo upange kwa tarehe."

"Bosi mwenyewe hafiki ukurasa wa pili," akasema. "Nani atajua?"

Hakuna. Nikakaa naitazama skrini. Sikuhisi huruma wala ushujaa. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi, anajua jino linang'olewa, haumii. Nikaushusha mstari wa kupanga chini ya ule wa kuunganisha. Nikamtafuta kaka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa ukurasa wa nne, katikati ya watu nisiowajua.

Nikampigia simu.

"Jumatatu haipo tena, kaka."

"Nani kanipita?"

"Waliokutangulia."

Cherehani ilikuwa inakwenda, ikanyamaza.

"Na wewe umekaa humo unakula kiyoyozi tu," akasema. "Ungeinong'oneza hiyo kompyuta."

"Ningeweza."

Akanielewa.

"Nina gauni la bibi harusi hapa," akasema. "Jeupe, na uzi mweupe. Sioni ninaposhona. Ukitoka pitia."

"Napita."

"Usichelewe. Nikiliwekea mikono mitatu utalivaa wewe."

Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Kobe alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Niipandishe mtandaoni?"

"Pandisha," nikamwambia, nikachukua mkoba nikamwahi fundi kabla jua halijamwishia.