Kitanda cha Haja Sittana

Siku ya kwanza wapakiaji walibeba kabati la vyombo na meza, Haja Sittana akitazama. Siku ya pili wakabeba kitanda cha mwanawe na mkewe, kisha vya wajukuu, vyote vitatu. Vilipita mbele ya macho yake, vikapandishwa kwenye mkokoteni wa punda na kupelekwa stesheni. Chake kikabaki palepale barazani, matendegu yake manne yamesimama imara.

Shirika la reli lilikuwa limemhamisha mwanawe, Babikir, kutoka Atbara kwenda Kosti, jimbo la Naili Nyeupe, na likampa behewa zima la mizigo ahamishie nyumba. Behewa lilikuwa kwenye reli ya pembeni. Siku ya tatu, adhuhuri, lingefungwa kwenye treni na safari ingeanza. Haya yote Haja Sittana aliyajua, maana nyumba ile haikuwahi kuwa na siri. Asilolijua ni moja tu: kama naye yumo safarini. Hakuna aliyemwambia, "Jiandae, mama." Na yeye kuuliza hakuweza. Mzazi haombi nafasi kwa mwanawe, huambiwa. Akijipeleka mwenyewe ameshakuwa mzigo.

Alijaribu kuzunguka mbuyu kwa kumchokonoa mjukuu wake Rayan, msichana wa miaka saba.

"Hawa watu wamechoka mapema leo. Mbona kitanda kimoja wamekiacha?"

"Chako, bibi? Baba kasema kisiguswe."

"Kasema nini?"

"Kisiguswe! Hata mimi kanikataza kukikalia."

Kumbe ndivyo. Miaka kumi na mitano ameishi na mwanawe, wajukuu wote watatu amewapokea kwa mikono yake, na leo anaachwa pamoja na kitanda chake cha kamba. Ilimuuma, tena ilimuuma sana. Lakini mwanamke huyu hakuzaliwa na shingo ya kuinamisha. Kama ni kuachwa, basi ataacha yeye kwanza.

Alasiri jirani yake, Bi Toma, alikuja kunywa kahawa ya mwisho.

"Haja, na wewe ushafunga vyako?"

"Mimi? Nikafanye nini Kosti? Mbu wa kule nasikia wanabeba mtoto mchana kweupe! Mie nakwenda zangu Berber kwa binti yangu Nuura."

Toma akaweka kikombe chini. "Ukakae kwa mkweo? Wewe?"

"Nyumba ya binti yangu ni nyumba yangu."

"Heee! Si wewe uliyemcheka mama Hajir alipohamia kwa mkwewe? Ulisema mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe!"

"Mama Hajir alikuwa mvivu. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Maji alishayavulia nguo, ikabidi ayaoge. Alijitanda tobe lake, shuka refu la kike, akaenda stesheni, akampa salamu mlinzi wa treni ya Berber: mkwewe Hashim aje kesho na gari lake kumchukua. Njiani alilia, akasingizia vumbi.

Mji ule habari haihitaji miguu. Magharibi Babikir aliporudi alikuwa ameshaisikia. Alikaa kwenye mkeka mbele ya mama yake, akamega mkate mwembamba wa kisra vipande viwili tu, akaviacha.

"Mama, nimesikia habari za Berber."

"Umesikia vizuri."

Akamtazama. Mama naye akatazama birika la kahawa, akisubiri. Neno moja tu lingetosha: usiende. Babikir akanawa mikono.

"Mungu alete heri," alisema, akaondoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa, lakini Haja Sittana alikuwa anauguza kidonda chake mwenyewe, hakuisikia.

Asubuhi ya siku ya tatu Hashim alifika na gari lake la mizigo, jasho linamtoka, mwingi wa adabu kama wakwe wote. Haja Sittana alikuwa ameketi katikati ya kitanda chake na kifurushi mapajani. Kabla Hashim hajamaliza salamu, Babikir akaingia uani na wapakiaji wawili. Wakaenda moja kwa moja kwenye kitanda. Mmoja akashika huku, mwingine kule.

"Hata kitanda!" Haja Sittana alipiga kelele mpaka Toma akachungulia juu ya ukuta. "Mnaniacha, sawa! Hata kitanda nilichoingia nacho nyumba ya baba yenu mnanichukulia? Mnataka nikalale chini kwa mkwe?"

Wapakiaji waliachia. Babikir alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Nani anakuacha, mama?"

"Vitanda vyote vimekwenda, changu umekataza kisiguswe. Mimi mtoto?"

"Mama, mimi ni mpanga mizigo. Miaka kumi na tisa kazi yangu ni hiyo hiyo. Kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza! Tukifika Kosti, utakaa wapi wakati sisi tunashusha makabati? Juani?"

Haja Sittana akashuka kitandani.

"Njoo," Babikir alisema. Akamshika mkono, wakatoka, wakakatiza nyuma ya nyumba za wafanyakazi mpaka kwenye reli ya pembeni. Nyuma walifuata Hashim, Toma, Rayan na Ihsan, mkewe Babikir, ambaye mikono yake ilikuwa bado na unga.

Mlango wa behewa ulikuwa wazi. Ndani mizigo ilipanda hadi darini, imebanana hata paka asingepenya. Ila karibu na mlango palikuwa na nafasi tupu, imezungushiwa chaki sakafuni. Haja Sittana hakujua kusoma, lakini urefu na upana ule aliutambua. Alikuwa ameulalia miaka arubaini na miwili.

"Hiyo nimeichora kabla hatujaingiza hata kijiko," Babikir alisema. "Mizigo yote imepangwa kuizunguka. Halafu jana naambiwa hututaki."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie nini? Mama haulizwi! Nikikuuliza kama utakuja, si nimeshakuambia kwamba unaweza kubaki?"

"Mimi nilimwambia akuulize," Ihsan alidakia. "Siku tatu namwambia. Kichwa chake kigumu, sijui kakitoa wapi."

Toma alicheka kwanza, akajifunika mdomo kwa tobe. Haja Sittana alikuwa analia bila kujificha, na safari hii hakusingizia chochote. Alijiona mjinga, akafurahi kuwa mjinga. Hashim akakohoa kwa adabu.

"Sasa, Haja, mimi nimetoka Berber alfajiri..."

"Na ahsante, mwanangu. Wasalimie." Akajifuta macho, akanyoosha tobe, akamgeukia Babikir. "Niulize."

"Mama, si nimesema..."

"Leo niulize. Mbele ya watu."

Babikir aliwatazama waliomzunguka, wapakiaji, mkwe, jirani, mkewe anayetabasamu. Masikio yalimwiva. Hajawahi kumsemesha mama yake hivyo tangu azaliwe.

"Mama," alisema taratibu, "utakwenda nasi Kosti?"

Haja Sittana alitazama nafasi ile sakafuni. Akatazama reli inavyokwenda kusini. Rayan akamshika kidole kwa hofu.

"Nitafikiria," alisema. Halafu akawageukia wapakiaji. "Na nyinyi mnangoja nini? Kaleteni kitanda, treni itatuacha."