Shahidi wa Munyao

Kiwanda kilimfukuza Munyao kazi kabla hata hajazikwa. Barua aliyoletewa mjane wake, Nthoki, ilisema marehemu alikuwa dereva mzembe, tena huenda alikuwa amekunywa. Familia isitarajie chochote, na chumba cha kiwanda pale mtaani Baba Dogo kirudishwe mwisho wa mwezi. Munyao huyo huyo, mwimbishaji wa kwaya, aliyekuwa akinusa hata soda kabla ya kuinywa!

Jirani yao, Mulongo fundi, hakushangaa. Alikuwa ametengeneza magari miaka kumi na minane kwenye uwanja mtupu mbele ya lango la kiwanda, na hakuwa amesahau hata mmoja wa walioumia mle ndani. Mwaka wa themanini na mbili Makokha aliunguzwa na boila: uzembe. Themanini na tisa Rispa aliacha vidole vinne kwenye mashine: uzembe. Ajabu ya uzembe huo, haukuwahi kupanda ngazi ukaingia ofisini.

Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na shahidi. Kwa wiki tatu Munyao alilalamika kwamba taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na pikapu inamzimikia njiani. Meneja akamjibu kuwa taa haiendeshi gari. Jumanne ikamzimikia katikati ya barabara, lori likamkuta hapo hapo. Kituo cha polisi hakikuwa na nafasi, Alhamisi asubuhi mabaki yakavutwa hadi kwa Mulongo yamngoje mkaguzi wa bima siku ya Ijumaa. Jumamosi maiti ingesafirishwa Kitui, na Nthoki alitaka jambo moja tu: asimame kaburini na jina la mumewe likiwa safi.

Alhamisi mchana Mulongo alimwita.

"Mama Mbinya, gari hili lina kompyuta. Likiugua, linaweka kumbukumbu. Keti hapo kwa abiria, ufungue swichi, usiwashe. Halafu uhesabu taa ikimetameta. Kwa sauti."

Akafungua kijisanduku cheusi kando ya injini iliyopondeka, akaunganisha vitundu viwili kwa kipande cha waya.

"Moja," Nthoki akasema. "Imenyamaza. Moja, mbili, tatu, nne. Imenyamaza tena."

"Rudia."

Ikarudi vile vile. Moja, kisha nne. Kumi na nne. Mulongo akafunua daftari alimonakili namba zote kwa mkono wake: kumi na nne, cheche za plagi zinakatika. Injini inakufa yenyewe.

"Fundi wa kukonyezwa!" fundi mwenzake Lusweti akapiga kelele kutoka chini ya lori jirani. "Mkeo anajua magari yanakukonyeza mchana kweupe?"

Nthoki akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. "Kesho huyo mkaguzi ahesabu kwa kinywa chake," akasema.

Uwanja ule haukuwa na ukuta. Betri ikilala ndani ya gari, asubuhi huioni. Kwa hiyo kila jioni mafundi walizitoa zote na kuzifungia kwenye sanduku la chuma. Mulongo akazunguka na spana, gari moja baada ya jingine, kichwa chake kikipanga maneno ya kumwambia meneja. Pikapu ilikuwa ya tano. Akaibeba betri yake kama zile nyingine, akafunga kufuli, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Ijumaa walikuja wote wawili, mkaguzi na meneja. Mulongo akarudisha betri, akachomeka waya. Nthoki akafungua swichi.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita..." Akapunguza sauti, akamtazama Mulongo. "Saba. Nane."

Taa isiyonyamaza ina maana moja: gari halikumbuki ugonjwa wowote. Mulongo alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Ndivyo alivyokuwa akifuta kumbukumbu kila alipomaliza kutengeneza. Unatoa betri, basi.

"Tuendelee hadi mia?" meneja akauliza.

"Jana ilikuwa kumi na nne," Mulongo akasema. "Jioni nikatoa betri. Ni mimi niliyeifuta."

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Akainama kutazama mtambo wa cheche. Ulikuwa umepondwa na lori, wala usingeweza kusema uliharibika lini. "Nani mwingine aliona?"

"Mimi," Nthoki akajibu kutoka ndani.

"Mjane na jirani yake," meneja akasema, na mkaguzi akaandika.

Walipoondoka, Nthoki alikuwa bado ameketi palepale.

"Baba Everline, kesho kaburini baba yake Munyao atauliza mbele ya watu mwanawe alikufaje. Mimi sitaweza. Utasimama wewe."

"Nitasimama."

"Useme yote. Hata hili la betri."

Mulongo akaitikia kwa kichwa, kisha akachomoa ule waya kwenye kijisanduku.